Kwa Nini Sikuwa Madhabahuni Jumapili Iliyopita



Jumapili iliyopita ulikuja kanisani ukakuta kiti changu kitupu. Mama Mchungaji ndiye aliyehubiri, na nimeambiwa Neno lilishuka kuliko linavyoshuka nikisimama mimi. Tunamshukuru Mungu. Saa ile mlipokuwa mkiimba sifa, mimi nilikuwa barabarani hapa Nairobi, namba imebandikwa kifuani, nikikimbia marathoni yangu ya kwanza nikiwa na miaka 53. Kilomita 42 na mita 195. Nilitumia saa 6 na dakika 11.

Najua tunaishi nchi gani. Mwaka 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia umbali huo huo kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kwa muda niliotumia mimi, yeye angeukimbia mara tatu na bado angepata dakika kumi za kunywa chai akinisubiri. Lakini sikwenda kushindana na watu wa Iten. Nilikwenda kuchangisha pesa za utafiti wa saratani za watoto.

Tangu siku hiyo simu yangu haijatulia. Wengi mmenipongeza. Wengine mmeuliza maswali, na mmeuliza kwa heshima. Mchungaji anaachaje ibada kwenda kukimbia? Kwani imani imeisha, hata sasa tunatafuta wanasayansi? Na kwa nini pesa zote hizo zisingeenda kwenye ujenzi wa kanisa, au kwa wagonjwa tulio nao? Nimeona nijibu hapa, mbele ya wote, kwa sababu ni maswali ya haki. Lakini kwanza nikueleze jambo ambalo sijawahi kulisema kwenye mimbari.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilikuwa mchungaji kijana kwenye kanisa dogo la mabati karibu na Ziwa Victoria. Palikuwa na mama mmoja, muuza omena, aliyekuwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Shavu la mtoto likaanza kuvimba. Watu wakasema ni jino, likang'olewa. Uvimbe haukushuka, na meno mengine yakaanza kulegea. Mama akamleta kwangu.

Nilimwekea mtoto mikono, nikaomba, na katika hilo sikukosea. Nilikosea baada ya hapo. Nilitangaza mfungo wa siku 21. Mama aliponiambia kwamba Ijumaa angepata lifti ya kwenda hospitali mjini, nilimwambia angoje mfungo uishe. Nilimwambia kwamba kwenda sasa ni kufungua mlango wa mashaka. Nilisema hayo kwa sauti ya mamlaka, na mama alinitii.

Walipofika hospitali, siku zile 21 zilikuwa zimeisha. Jicho la mtoto lilikuwa limeanza kusukumwa nje. Daktari alisema ni saratani inayokua haraka kuliko karibu zote, inayoweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Alisema pia kwamba ina dawa, kama mtoto anafika mapema.

Mtoto yule nilimzika mimi mwenyewe. Mama yake hakuniacha, hakuhama kanisa, na aliendelea kutuletea omena nyumbani kila wiki kama kawaida. Ningependelea angenitukana.

Mpendwa, nimebeba jambo hilo muda mrefu. Sikukwambia ili unihurumie. Nimekwambia ili ujue kwamba ninapozungumza juu ya imani na dawa, sizungumzi kutoka vitabuni tu.

Miaka kadhaa baadaye nilianza kusoma kuhusu ugonjwa ule. Unaitwa limfoma ya Burkitt. Nilipotafuta habari za huyo Burkitt, nilikuta mtu ambaye ningemkaribisha kwenye mimbari yetu kesho.

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja tu, jingine lilipotea kwa ajali akiwa mtoto. Alikuwa Mkristo wa kuomba na kulisoma Neno, na hakuificha imani yake. Mwaka 1957 aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Hakuelewa alichokiona. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Akaanza kujiuliza, kisha akaanza kuwauliza wengine. Mwaka 1958 aliandika alichokuwa amekiona.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, mmoja wao mmishonari, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakafunga safari. Walikwenda kama kilomita 16,000 kwa muda wa wiki kumi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuonyesha picha. Swali lao lilikuwa moja: mmewahi kuona mtoto wa namna hii? Penye jibu la ndiyo walitia alama kwenye ramani. Penye jibu la hapana pia waliandika.

Ramani ile ilionyesha kwamba ugonjwa unakaa sehemu za joto na mvua nyingi, zile zile zenye malaria kali. Ndiyo maana kwetu Kenya unaonekana zaidi kando ya ziwa na Pwani kuliko kwenye nyanda za juu. Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilipelekwa London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wawili wakaona ndani yake kirusi ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Katika miaka hiyo ya 1960, madaktari wa Kampala na Nairobi waliwapa watoto wale dawa za kemo. Wapo walioona taya lililovimba likirudi kawaida kwa siku chache tu, na baadhi ya watoto hao walipona kabisa.

Hii ilitendeka hapa kwetu. Jirani zetu walikuwa wadini, na ramani ni ya barabara zetu. Lakini tunawafundisha watoto wetu majina ya wafalme wa Ulaya, na habari hii hatuijui.

Sasa turudi kwenye swali la imani. Burkitt aliomba, kisha akawasha gari. Sidhani aliona kwamba jambo moja linalitukana lingine. Mfalme Hezekia alipougua karibu na kufa, aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Soma 2 Wafalme 20. Nabii Isaya alipewa ujumbe kwamba mfalme atapona, na nabii huyo huyo akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka kwa Mungu, na bado dawa ilitayarishwa. Kama Isaya hakuona aibu kutuma watu wakalete tini, mimi nilikuwa nani hata nimzuie mama kupanda lifti ya Ijumaa?

Naamini uponyaji. Nimeuona kwa macho yangu, na nitaendelea kuwawekea wagonjwa mikono hadi siku Bwana atakaponiita. Lakini imani inayomwogopa daktari si imani kubwa. Mara nyingi ni kiburi cha mchungaji anayetaka jina lake ndilo litajwe kwenye ushuhuda. Najua, kwa sababu kiburi hicho kilikuwa changu.

Sasa utaniuliza swali ambalo mzee mmoja wa kanisa aliniuliza. Alisema, "Mchungaji, kama dawa ilikuwepo, mtoto yule hakufa kwa kukosa utafiti. Alikufa kwa kuchelewa. Utafiti wa nini tena?"

Swali lake ni zuri, na lilinisumbua wiki nzima. Jibu langu ni hili. Katika nchi tajiri, watoto karibu 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Kwetu Afrika wanaopona ni wachache zaidi, na dawa nyingi ni zile zile. Kwa nini? Ni kipimo gani kinachoweza kufanyika karibu na nyumbani ili mama asizungushwe wiki nyingi akiambiwa ni jino? Mtoto aliyedhoofika kwa njaa na malaria apewe dawa kiasi gani ili imponye bila kumuua? Kwa nini familia nyingine huanza matibabu zikaacha katikati? Hayo hayajibiwi kwa kukisia. Yanajibiwa na watu wanaofuatilia mtoto mmoja mmoja, wanaoandika, wanaohesabu, wanaorudi kijijini kuuliza. Huo ndio utafiti. Zaidi ya hayo, zipo saratani nyingine za watoto ambazo bado hazina dawa ya kutegemewa hata katika nchi tajiri.

Sisi Wakenya tunajua kuchanga, na hakuna wa kutudharau kwa hilo. Kundi la WhatsApp linafunguliwa asubuhi, jioni bili ya hospitali imepungua nusu. Bili ikitushinda, tunachangia jeneza, gari na chakula cha waombolezaji. Nimehudhuria harambee hizo nyingi na nimeongoza nyingi. Lakini nakuuliza, na ninajiuliza mimi mwenyewe: ni lini mara ya mwisho kanisa letu lilitoa shilingi moja ili ugonjwa wenyewe ueleweke? Katika miaka yangu yote ya uchungaji, jibu langu lilikuwa halijatokea hata mara moja. Tunasubiri ugonjwa utufikie mlangoni ndipo tutoe pochi.

Kuna kijana mmoja aliyelielewa jambo hili mapema. Anaitwa Terry Fox, wa Canada. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alipatikana na saratani ya mfupa, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Madaktari walimweleza kwamba miaka michache tu kabla yake, nafasi ya mtu kama yeye kuishi ilikuwa asilimia 15, lakini kwa sababu ya utafiti sasa ilikuwa imefika asilimia 50. Kijana yule alitambua kwamba alikuwa akiishi kwa pesa za watu wasiomjua, waliotoa kabla yeye hajaugua. Na wodini alikuwa amewaona wenzake, wengine watoto wadogo, ambao utafiti ulikuwa haujawafikia.

Akaamua kukimbia. Mwaka 1979 aliingia mashindano yake ya kwanza, ya kilomita 27, kwa mguu mmoja wake na mmoja wa bandia. Alimaliza wa mwisho. Tarehe 12 Aprili 1980 aliuchovya mguu wa bandia kwenye bahari ya Atlantiki na kuanza kuivuka Canada, karibu marathoni nzima kila siku. Aliomba dola moja kwa kila Mkanada. Alikimbia siku 143, kilomita 5,373. Tarehe 1 Septemba alilazimika kusimama karibu na mji wa Thunder Bay, kwa sababu saratani ilikuwa imeingia mapafuni. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, akiwa na miaka 22. Kabla hajafa, michango ilikuwa imepita dola milioni 24, karibu dola moja kwa kila raia wa nchi yake.

Hakuivuka nchi yote. Na dawa iliyopatikana kwa pesa zile haikumponya yeye. Waebrania 11 inawataja watu wa namna hiyo, waliokufa wakiwa wameiona ahadi kwa mbali tu. Nilipokuwa nikifanya mazoezi nilimfikiria sana kijana huyo.

Maana sikuanza vizuri. Asubuhi ya kwanza, mwezi wa kwanza, nilikimbia kutoka nyumbani hadi kituo cha mafuta, kilomita 2, nikarudi kwa boda boda. Mwenye boda boda alinitambua. "Pastor, kuna mtu anakukimbiza?" Wiki ya nne goti likavimba. Mwezi wa tatu nilifikisha kilomita 10, mwezi wa tano 21, na mara moja tu, kabla ya siku yenyewe, 30.

Mtu aliniuliza kwa nini nisingepitisha kapu tu kanisani na kumaliza. Nilimjibu kwa habari ya Daudi, 2 Samweli 24. Tauni ilikuwa inaua watu. Arauna akataka kumpa mfalme uwanja wa kupuria, ng'ombe na kuni, vyote bure. Daudi alikataa. Alinunua kwa fedha, kwa sababu hakutaka kumpa Mungu sadaka isiyomgharimu. Mimi nimewaomba mtoe mara nyingi, nikiwa nimesimama na kipaza sauti mkononi, nimevaa suti. Mara hii nilitaka kuomba nikiwa na jasho.

Watu waliokimbia umbali huu watakwambia kwamba marathoni huanza baada ya kilomita ya 30. Sukari ambayo mwili umeihifadhi misulini huwa imekwisha, na miguu inakataa. Mimi ilinikuta kwenye kilomita ya 32. Nilisimama kando ya barabara nikashika nguzo ya taa. Vijana walinipita, mama mmoja mnene wa umri wangu akanipita, na nilimwonea wivu bila kuficha. Nikawaza kwamba nimeshakimbia vya kutosha, hakuna atakayenilaumu. Hapo nikamkumbuka mama aliyengoja siku 21 kwa neno langu. Kila siku ya mfungo ule alimbeba mtoto mgongoni hadi kanisani na kurudi. Nikaiachia nguzo. Kilomita kumi zilizobaki nilizitembea zaidi kuliko kuzikimbia, na nilizimaliza.

Huyo mama nilikuwa nimemtafuta kabla sijajiandikisha. Bado anakaa kule kule ziwani. Nilimwomba msamaha, kwa mara ya kwanza, baada ya miaka yote hiyo. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mchungaji, hata mimi nilikuwa na miguu ya kwenda." Sikujua nijibu nini, na hadi leo sijui. Aliniruhusu nisimulie habari hii bila kutaja majina. Siku ya pili akatuma shilingi 200 kwa M-Pesa. Ulikuwa mchango wa kwanza.

Kuhusu Jumapili, nitasema machache. Bwana wetu aliponya siku ya Sabato na akawauliza waliomlaumu kama wangemwacha ng'ombe wao kisimani hadi kesho yake. Sitafanya mazoea ya kukosa ibada, wala wewe usiyafanye. Lakini Jumapili ile niliitumia kwa ajili ya watoto, na dhamiri yangu iko safi.

Kuhusu pesa: mlichanga shilingi 387,450. Zote zimekwenda kwa kundi la watafiti wa saratani za watoto katika hospitali moja ya rufaa hapa nchini. Ada ya mbio na viatu nililipa mwenyewe. Risiti iko kwa mweka hazina, na mshirika yeyote anaweza kuiona siku yoyote ya kazi. Mfuko wetu wa wagonjwa haujaguswa. Wanaosema mtoto aliye wadini leo hawezi kungoja utafiti wamesema kweli, na tutaendelea kumlipia bili. Lakini dawa anayopewa mtoto huyo leo ipo kwa sababu zamani mtu fulani alitoa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwa amezaliwa. Siamini kwamba ni lazima tuchague kati ya hao wawili. Kama unaona nimekosea, njoo tuzungumze, mlango wa ofisi uko wazi.

Sikuombi ukimbie marathoni. Nakuomba mambo matatu.

La kwanza, ukiona uvimbe usioisha kwenye taya, tumbo au shingo ya mtoto, jicho lenye weupe katikati, au homa na udhaifu usioeleweka, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo. Nipigie simu ukiwa njiani, tutaomba ukiwa garini.

La pili, mchungaji yeyote akikuzuia kwenda, hata nikiwa mimi, usimtii.

La tatu, mwaka ujao tutenge sadaka moja, moja tu, kwa ajili ya utafiti. Wazee wameshanikubalia tulijadili. Nataka nawe useme unavyoona, hapa chini au ana kwa ana.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa mikono inayoombea na mikono inayopima damu. Wafariji wazazi waliozika watoto. Utusamehe sisi wachungaji pale tulipowachelewesha watu wako. Wape hekima wale wanaotafuta usiku kucha majibu ambayo wewe unayajua, na utupe sisi moyo wa kuwapa mafuta ya taa zao. Katika jina la Yesu.

Kama umeungana nami katika ombi hili, andika AMINA. Na kama unamfahamu mzazi anayengoja mfungo uishe, mtumie ujumbe huu usiku huu, usisubiri kesho.

Tuonane Jumapili. Nitahubiri nikiwa nimekaa, miguu bado haijanisamehe.

Mchungaji wako